Siku saba Nebraska na mjomba aliyetaka kuona ng'ombe

Mjomba wangu ni mtu wa Shinyanga, ana miaka sitini na saba, kafuga toka utoto wake, na alipokuja kututembelea Omaha, jimbo la Nebraska huku Marekani, mwezi wa tatu 2025 nilikuwa nishampangia ratiba ya maana kabisa, Chicago siku tatu, maghorofa, ziwa, mapicha. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema mwanangu, maghorofa hata Dar yapo, mimi nimesikia hapa kwenu ng'ombe ni wengi kuliko watu, nipeleke nikaone hao.

Na kweli ni wengi. Jimbo lina ng'ombe milioni 6 na ushee na watu karibu milioni 2, yaani ukiwagawa kila mtu anaondoka na ng'ombe watatu, hata vichanga. Ila aibu yangu ni hii, miaka tisa niko hapa na sikuwahi kuvuka Lincoln kwenda magharibi, watu wa majimbo mengine wakiniuliza Nebraska kuna nini nasema mahindi, basi. Hizi ni notsi nilizokuwa naandika kwenye simu usiku usiku, mpangilio mtanisamehe.

Siku ya 1, Jumamosi 22 Machi: Omaha mpaka Lincoln

Tulichelewa kuondoka, mjomba hasafiri bila chai na chapati, na chapati zinataka muda wake. Kwanza nikampitisha mto Missouri, kuna daraja la waenda kwa miguu pale ambalo katikati wamechora mstari, mguu mmoja Nebraska mguu mmoja Iowa, kila mtu anapiga picha hapo na sisi tukapiga. Mto wenyewe rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akauliza watu wote wa hapa wanakunywa haya? Nikamwambia mengine yanatoka visimani. Akatikisa kichwa. Hilo swali la maji sikujua kama litanifuata wiki nzima.

Halafu South Omaha. Hapa palikuwa na mnada wa mifugo ambao miaka ya 50 uliipita Chicago ukawa mkubwa kuliko yote duniani, mazizi yamepangana mpaka macho yanachoka. 1999 wakafunga kabisa. Limebaki lile jengo refu la matofali tu lililokuwa la wafanyabiashara wa mifugo, sa hivi limezungukwa na majengo mengine ya kawaida. Mjomba akashuka, akazunguka, akarudi kwenye gari, "Sasa ng'ombe wako wapi?" Nikamweleza kwamba siku hizi ng'ombe haletwi mjini, viwanda vimehamia kule kule ng'ombe aliko, kwenye vimji vidogo. Akasema basi twende huko, hapa umenileta kwenye makaburi.

Lincoln ndio makao makuu ya jimbo. Jengo la bunge lao ni mnara mrefu na juu kabisa kuna sanamu la mtu anapanda mbegu kwa mkono, nimelipenda sana lile. Bunge lenyewe ni la aina yake, chumba kimoja tu toka 1937, wabunge 49, kwenye karatasi ya kura hawaandikwi chama. Majimbo mengine yote 49 yana mabunge ya vyumba viwili. Na umeme wote wa jimbo hili ni wa mashirika ya umma, hakuna kampuni binafsi inayokuuzia nyumbani, hii ilimshangaza mjomba maana anajua Marekani kila kitu ni cha mtu.

Lakini kilichotukalisha Lincoln ni makumbusho ya chuo kikuu. Ukiingia unakutana na mifupa ya tembo wa kale mkubwa ajabu wanayemwita Archie, na walivyompata ni kituko, 1922 kuku wa mkulima mmoja walikuwa wanadonoa donoa kitu ardhini, kumbe ni mifupa. Na kuna vifaru! Nebraska ilikuwa na vifaru jamani, miguu mifupi tumbo pipa kama kiboko, na ngamia, na farasi wadogo. Miaka milioni 12 iliyopita volkano ililipuka huko Idaho, majivu yakaja na upepo yakawakuta kwenye dimbwi la kunywea maji kaskazini mashariki mwa jimbo, wakavuta vumbi mpaka mapafu yakashindwa, wakafa wamelundikana pale pale kwenye maji. Wengine wamekutwa na mbegu za majani bado ziko kinywani. Mjomba alisimama kwenye kioo muda mrefu. Akasema mnyama akiumwa kifua anakwenda kwenye maji, hata ng'ombe hivyo hivyo.

Siku ya 2, Jumapili: Lincoln mpaka Kearney

Barabara kuu namba 80 inakata jimbo zima maili 455, na kipande cha kutoka Lincoln kwenda Grand Island ni maili kama 72 zilizonyooka kama umepiga kamba, usukani unaushika kwa adabu tu. Watu wanasema Nebraska ni tambarare. Sio kweli sana, ni meza iliyoinama, upande wa mashariki kule Missouri uko mita kama 256 juu ya bahari na kona ya magharibi inafika mita 1,654, ila mwinamo umesambazwa kilomita mia saba kwa hiyo mwili hauujui, geji ya mafuta ndio inaujua.

Mwezi wa tatu mashamba yote ni mabua. Na kila shamba limesimamishiwa lile dude refu la mabomba juu ya matairi, pivoti, limetulia linasubiri msimu. Mkono wake una urefu wa kama mita 400 na unazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo shamba la mraba la ekari 160 linamwagiliwa duara la ekari kama 130, zile kona nne zinabaki. Ndio maana ukiwa kwenye ndege unaona madoa ya kijani ya duara kama mtu kapanga sahani. Aliyebuni ni mkulima anaitwa Frank Zybach, alipata hataza yake 1952, na kiwanda kilichoisambaza dunia nzima kikaanzia mji mdogo wa Valley hapo jirani na Omaha.

"Maji ya kuzungushia yanatoka wapi?" Nikamwambia mjomba, unayakalia. Chini ya hii barabara kuna Ogallala, hifadhi ya maji yaliyolala kwenye mchanga na kokoto chini ya majimbo 8 kuanzia South Dakota mpaka Texas, na karibu theluthi mbili ya maji yote hayo yako chini ya Nebraska peke yake. Kule Texas na Kansas kuna sehemu visima vimekauka wakulima wamerudi kutegemea mvua. Nebraska wana nafuu, kwanza bahati ya kijiografia, pili toka 1972 wana wilaya 23 za maliasili zinazofuata mabonde ya mito, bodi zake zinapigiwa kura, na hizo ndizo zinasema nani achimbe kisima na nani amechota vya kutosha. Sio peponi lakini, mbolea imezama mpaka kwenye hayo maji, kuna vijiji wanaambiwa maji ya bomba mama mwenye mtoto mchanga asiyatumie.

Jina lenyewe la jimbo ni maji. Nebraska ni neno la Waotoe, kabila la wenyeji wa asili, maana yake maji bapa, walikuwa wanausema mto Platte. Wafaransa wakaja wakauita Platte, nao kwa lugha yao ni bapa vilevile. Sasa mimi miaka tisa nasema mahindi.

Mahindi yenyewe wala sio ya ugali. Ni ya njano, magumu, sehemu kubwa inakwenda kwa mifugo na kwenye viwanda vya ethanoli, ile spiriti ya kuchanganya na petroli, jimbo la pili kwa ethanoli baada ya Iowa. Na mabaki ya ethanoli ni machicha, machicha kabisa kama ya pombe, wanawapa ng'ombe tena. Tulipita karibu na kiwanda kimoja mjomba akashusha kioo akavuta hewa, akasema hapa kuna mtu anapika komoni. Ndio mara ya kwanza nimemuona anafurahi.

Jioni tukafika maeneo ya Gibbon na Kearney. Nilikuwa nimesoma kuhusu korongo, wale ndege wa miguu mirefu, nikadhani tutawatafuta kwa darubini. Hamna. Wamejaa mashambani kama mbuzi, kijivu, kiwiliwili kirefu, paji la uso jekundu, wanatembea kwenye mabua wanaokota punje zilizomwagika wakati wa kuvuna, na ghafla mmoja anarusha bua juu anaanza kuruka ruka anacheza. Mjomba akasema huyu si ndugu yake yule wa bendera ya Uganda? Ni ndugu yake, ila huyu taji hana.

Siku ya 3, Jumatatu: mtoni, halafu Lexington

Saa kumi na moja alfajiri, baridi chini ya sifuri, mjomba kavaa koti langu juu ya koti lake juu ya sweta. Tulikuwa tumebuku nafasi kwenye hifadhi ya Rowe, wana vibanda vya mbao ukingoni mwa Platte vyenye vidirisha vidogo. Mnatembea gizani kimya, simu zimezimwa, hakuna kuwasha taa, na hutoki mpaka ndege waondoke wenyewe.

Mnasikia kabla ya kuona. Sauti yake sijui niifananishe na nini, kama mtu anakoroma na kugonga mbao kwa wakati mmoja, mara elfu. Kukapambazuka kidogo nikaona kisiwa cha mchanga katikati ya mto, kirefu, cheusi. Mwanga ukaongezeka kisiwa kikaanza kuwa na shingo. Hakikuwa kisiwa. Walikuwa ni wao, wamesimama ndani ya maji bega kwa bega, ndio wanavyolala, miguu kwenye maji ya kina cha kifundo ili mbweha akija usiku wamsikie anavyochapa maji. Karibu asilimia 80 ya korongo wote wa aina hii duniani wanapita kwenye hiki kipande kifupi cha mto kila mwaka kati ya Februari na Aprili, zaidi ya nusu milioni, wametoka Texas na Mexico wanakwenda Canada, Alaska, wengine wanavuka mpaka Siberia. Hapa wanakaa wiki kadhaa wananenepa kwanza.

Kama saa moja na nusu jua likagusa maji. Akaja tai mmoja juu, na wote wakanyanyuka. Kibanda kilitetemeka, sitanii, ile mbao niliyoegemea niliisikia kwenye kiwiko. Mama mmoja mzungu pembeni yangu akawa analia tu bila sauti. Mjomba hakusema kitu, kofia kaivua kaishika kifuani.

Baadaye yule dada wa hifadhi alitueleza kitu kikanikaa. Mto huu zamani ulikuwa mpana sana, mafuriko ya theluji ya milima ya Rocky yanausafisha kila mwaka. Yakaja mabwawa na mifereji, sehemu kubwa ya maji inachotwa kabla hayajafika hapa, mafuriko yakapungua, miti ikaota kwenye visiwa, mto ukabanwa. Korongo hataki miti karibu na anapolala, anataka aone mbali. Kwa hiyo wanaowapenda hawa ndege kazi yao kubwa ni kuingia mtoni na matrekta kung'oa miti. Na pia anapita hapa korongo mweupe mkubwa, yule 1941 alibaki kama 20 tu porini, leo kundi lake limevuka 500. Sisi hatukumuona. Nebraska pia hairuhusu kabisa kuwinda hawa wa kijivu, majimbo ya jirani kwenye njia yao wanawapiga risasi kihalali.

Mchana tulilala. Jioni tukasogea Lexington, kimji cha watu elfu 10 na ushee, nikijua tunakwenda kula burger. Tumeshuka tu kwenye mtaa mkuu nasikia mama mmoja anaita "we Abdi njoo ubebe hii". Kiswahili! Lexington ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama kilichofunguliwa 1990, kikavuta watu kutoka Mexico, Guatemala, Cuba, baadaye Wasomali, na Wasomali wengi wamepitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma kule Kenya, Kiswahili wanakitema kama wamezaliwa Garissa. Ilikuwa Ramadhani. Yule mama akatuangalia akajua tu, "Karibuni, bado dakika kumi." Tukakaa na wanaume waliotoka zamu, vidole vyao vimevimba viungo kwa kisu, wanasubiri. Saa mbili kasoro hivi ikaadhiniwa kwenye simu ya mtu, tende, maji, sambusa za moto, uji. Mmoja akamwambia mjomba kwamba yeye kazi yake ni kukata sehemu moja tu, bega, siku nzima, ng'ombe wanapita wamening'inia. Mjomba akamuuliza kwa siku wangapi? Akataja maelfu. Mjomba akarudisha sambusa kwenye sahani akafikiria kidogo halafu akaichukua tena.

Naongeza hapa wakati nasafisha hizi notsi. Novemba mwaka huo huo Tyson, wenye kiwanda, walitangaza wanakifunga Januari 2026. Wafanyakazi kama 3,200 kwenye mji wa watu elfu 10, piga hesabu mwenyewe. Ng'ombe wa Marekani wamepungua, idadi haijawahi kuwa chini hivi toka miaka ya 50, bei ya kununua ng'ombe imepanda, kiwanda kinakula hasara. Nilimpigia yule mama. Akasema kaka, sisi tumeshahama kambi ngapi.

Siku ya 4, Jumanne: North Platte, halafu kwenye mchanga

North Platte ndipo mito miwili ya Platte inapoungana, na pia ndipo ilipo Bailey Yard, karakana na kituo cha kupanga mabehewa, kikubwa kuliko vyote duniani, urefu maili 8. Kuna mnara unapanda juu unaona reli mpaka zinapotelea. Behewa linasukumwa juu ya kilima kidogo halafu linaachiwa linateremka lenyewe, kompyuta inaligeuzia reli lake. Nilitaka tukae sana, mjomba akasema treni ni treni.

Tukachukua barabara 83 kwenda kaskazini na hapo ndio Nebraska nyingine inaanza. Mahindi yanakata ghafla. Milima ya nyasi, mviringo, inafuatana kama mawimbi, hakuna mti, hakuna nyumba, dakika ishirini unapishana na pikapu moja na dereva anakunyooshea kidole kimoja juu ya usukani kukusalimia. Hii ni Sandhills. Ni matuta ya mchanga, jangwa kabisa, makubwa kuliko mengine yote upande huu wa dunia, kama kilomita za mraba 50,000, karibu Rwanda mbili, ila yameshikwa na nyasi. Nyasi zikitoka upepo unachimba shimo la mchanga mweupe na halizibiki kirahisi. Huwezi kulima. Walijaribu, 1904 serikali ilikuwa inagawa ekari 640 bure kwa kila atakayekaa, wengi walishindwa wakawauzia wenye ng'ombe.

Na katikati ya matuta, maji! Vijiziwa vingi, mabata, majani mabichi. Mvua inaponyesha mchanga unameza yote, hakuna inayotiririka, inashuka mpaka Ogallala, na bonde likiwa chini ya kutosha yale maji ya chini yanachungulia. Mjomba akasema sasa nimeelewa, hili ni tangi, na mchanga ndio mfuniko.

Halsey tukakuta msitu. Mtu anaitwa Charles Bessey, profesa wa mimea wa Lincoln, aliamini Sandhills inaweza kuotesha misonobari, 1902 serikali ya Rais Roosevelt ikatenga eneo, wakapanda kwa mkono maelfu ya ekari. Jimbo hili lina wazimu wa miti, hata siku ya kupanda miti ilianzia hapa, 10 Aprili 1872. Sasa sehemu ya huo msitu imeungua, moto wa 2022 ulifagia, na mierezi myekundu imetoroka inasambaa kwenye malisho wafugaji wanaichoma moto makusudi. Mjomba alichekea sana hapo. Kwao walikata miti yote kufukuza mbung'o, ardhi ikawa jangwa, kuanzia 1986 mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ukaja kuwaambia warudishe miti na ngitili, yaani malisho yanayofungwa yapumzike. Hapa wanalia miti imezidi. Akasema kila mtu anapewa shida ya mwenzake.

Siku ya 5, Jumatano: tulivyokwama

Kosa langu. Barabara namba 2 baada ya Thedford ni nzuri, treni za makaa ya mawe zinapita pembeni ndefu mpaka unasahau mwanzo wake, tukapita Mullen ambako saa inarudi nyuma lisaa limoja, na mimi nikaona kinjia cha kwenda kwenye pampu ya upepo nikataka picha. Gari yenyewe ndogo. Mita thelathini tu nikazama mchanga mpaka kwenye ekseli. Nakanyaga mafuta nazidi kuzama, mjomba ananiambia acha, siachi.

Ndani ya nusu saa akaja mzee mmoja na pikapu, pama, glovu za ngozi, akatuangalia, akaangalia pleti namba ya Omaha, akasema kitu ambacho sitakitafsiri. Akafunga mnyororo akatuvuta kama mzigo wa kuni. Nikamwambia huyu ni mjomba wangu, mfugaji, katoka Tanzania. Akageuka, "Anafuga nini?" Ikawa hivyo, dakika kumi baadaye tuko nyumbani kwake zizini.

Ilikuwa msimu wa kuzaa. Mtamba mmoja mweusi, wa aina ya Angus, alikuwa amelala kwenye majani makavu anahangaika, mzee na mkewe wakamsaidia kwa kamba, ndama akatoka kalegea, ana ute mwingi, hapumui. Hapo ndio nikaona kitu sitasahau. Mzee kainama kuokota unyasi, mjomba naye kainama kuokota unyasi, wote wawili kwa pamoja, mjomba akawahi, akaingiza ule unyasi kwenye pua ya ndama akachokonoa. Ndama akapiga chafya, akatikisa masikio. Mzee akabaki ameshika wa kwake mkononi. Akacheka. Toka hapo mimi nilikuwa mkalimani tu, wao walikuwa wanaelewana.

Nilitaka kumuuliza ana ng'ombe wangapi, mjomba akanikanyaga mguu. Kumbe na hapa ni mwiko, mke wa yule mzee alitwambia baadaye kuuliza idadi ya ng'ombe ni kama kuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Alichotueleza mwenyewe ni kwamba ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji ekari 15 mpaka 20 kwa mwaka, ukizidisha unaumiza nyasi, na bonde fulani hawaligusi kiangazi chote, wanalikata marobota ya kulishia wakati wa theluji. Mjomba akaniambia mwambie sisi hiyo tunaiita ngitili. Mzee akajaribu kutamka mara tatu. Pampu ya upepo inavuta maji mita chache tu chini, inajaza tangi usiku na mchana, haina bili.

Ndama huyu atanyonya mpaka vuli, halafu atauzwa, atapelekwa kwenye mazizi ya kunenepesha huko chini karibu na Platte, atakula yale mahindi na yale machicha, na ataishia kwenye mkono wa mtu kama yule wa bega. Safari yetu tulikuwa tunaifanya kinyume chake.

Usiku Alliance.

Siku ya 6, Alhamisi: magharibi kabisa

Asubuhi Carhenge, magari mabovu 39 mtu kayasimamisha 1987 kuiga mawe ya kale ya Uingereza, yote kayapaka kijivu. Mjomba akaangalia matairi.

Scottsbluff kuna majabali ya udongo mgumu na majivu ya volkano, unaweza kuona tabaka kama keki, na maelfu ya wahamiaji wa mikokoteni waliokuwa wanakwenda Oregon na California miaka ya 1840 mpaka 60 walipita kwenye huo mwanya. Chimney Rock ndio lile jiwe jembamba lililosimama juu ya kilima, limewekwa mpaka kwenye sarafu. Wahamiaji waliliona kama bomba la moshi. Wenyeji wa asili walikuwa wanaliita kwa jina la kiungo cha dume la mnyama mmoja jamii ya kulungu, na ukiliangalia bila aibu utawapa haki.

Huku ni kilimo kingine, mifereji ya North Platte inalisha viazisukari na maharage. Nebraska inaongoza Marekani kwa yale maharage meupe makubwa kidogo, na pia ni kinara wa mahindi ya bisi. Mjomba kanunua maharage kilo nne, kayamwaga kiganjani, kayang'ata moja kwa jino. Amepitisha.

Tukalala Ogallala karibu na ziwa McConaughy, lililotokana na bwawa la 1941, ufukwe mchanga mweupe, maji yamepungua mbali.

Siku ya 7, Ijumaa: kurudi

Maili 330 kwa siku moja, sina la kuandika mpaka tulipofika Kearney. Joto lilikuwa limepanda, upepo wa kusini, na korongo walikuwa juu sana wanazunguka kama vipande vya karatasi kwenye moshi, wanapanda, halafu mstari unanyooka kwenda kaskazini.

Mjomba akasema simamisha, nataka kuingia kwenye huo mto. Tukashuka mahali watu wanaruhusiwa, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia Platte na fimbo yake. Hatua kumi, hatua ishirini, maji hayajafika goti. Akageuka akapiga kelele, "Huu ndio unaolisha wote wale?" Nikamwambia huo ni ule unaoonekana.

Akarudi na unyoya wa kijivu mrefu kama mkono, wenye kutu ya tope kwenye ncha. Anataka kwenda nao Shinyanga. Ikabidi nimwambie kuna sheria ya 1918, unyoya wa ndege anayehama huruhusiwi kuuchukua hata ukiuokota. Akaniangalia kuhakikisha sitanii. Akauweka juu ya maji taratibu, ukazunguka mara mbili kwenye mchanga, ukashika mkondo.

"Unakwenda wapi huo?"

"Unaingia Missouri, chini kidogo ya kwetu."

Akavaa soksi. "Basi endesha, tuuwahi."